Wageni wa Ombeni

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni, Euphrasia alikuwa jikoni kwake Oxon Hill, huko Marekani, akimenya ndizi mbichi za machalari. Alikuwa amejipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, na nyama ilikuwa inachemka kwenye sufuria ya nyuma. Mlango ukabishwa mara tatu. Akachungulia kwenye kitundu, akamwona Ombeni, mtoto wa kaka yake Kalisti, amesimama kwenye korido akiwa amelowa chapachapa. Akafungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekukuta wapi?"

Ndipo alipokumbuka kwamba nje kulikuwa na jua, na kwamba Ombeni alikuwa chumbani, amelala tangu saa nane kwa ajili ya koo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na miguu yake ilionekana mwisho wa kitanda, ndani ya soksi za kijivu. Huyu wa mlangoni alikuwa na uso uleule, na kovu lilelile la kidevuni alilolipata kwenye uwanja wa shule Machame, ila alinuka bia. Ombeni hajawahi kunywa bia, hata ile ya harusini.

Euphrasia alijua hapohapo kwamba amekosea, lakini kosa lilikuwa limeshatendeka. Alikokulia yeye, ukishaitikia shikamoo ya mtu huwezi tena kumfungia mlango. Kabla ya kuitikia bado una nafasi. Unaweza kujifanya hukusikia, unaweza kuuliza ametokea wapi. Ukishasema marahaba, huyo ni wako.

"Karibu ndani," akasema. "Vua viatu."

Akavua. Maji yakaendelea kumtoka miguuni kana kwamba mto ulikuwa bado unapita ndani ya suruali yake. Euphrasia akatandika mfuko wa plastiki kwenye sofa, akamketisha, akarudi kuongeza ndizi tatu kwenye beseni.

Mambo ya Jumapili yalikuwa hivi. Timu ya mpira anayochezea Ombeni ilikuwa imeshinda Jumamosi, na kesho yake wachezaji wachache wakaenda kula chakula cha mchana kando ya mto, pale National Harbor. Ryan, winga wa kushoto, mzaliwa wa Arlington, alianza kunywa kabla chakula hakijaletwa. Saa tisa hivi akachukua kigari cha umeme cha hoteli, kile cha kubebea mizigo ya wageni, akakiendesha kwenye gati huku akiimba. Akamgonga mhudumu aliyebeba trei, akamvunja mtulinga, kisha yeye na kigari wakaingia mtoni. Ombeni alikuwa mezani na soda yake ya tangawizi. Alikimbia, akajitosa na viatu vyake, akamtoa Ryan kwa kumshika ukosi. Ryan akafunikwa blanketi, akaingizwa kwenye gari la wagonjwa. Ombeni akabaki peke yake kwenye gati akichuruzika maji, na nyuma yake kigari kikizama taratibu, taa zake zikiwa bado zinawaka. Hapo ndipo mtu alipopiga picha.

Jumatatu asubuhi picha ilikuwa kila mahali. Kichwa cha habari kilisema "Ombeni na Kasheshe ya Mtoni." Aya ya tisa ilisema Ryan naye alikuwepo, na kwamba anaendelea vizuri.

Ombeni alipotoka chumbani akijikuna shingo alimkuta mwenzake kwenye sofa. Wakaangaliana.

"Mambo?"

"Poa. Koo vipi?"

"Linauma. Umeandikwa lini wewe?"

"Leo asubuhi." Yule wa maji alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili. "Nilianzia kwa mwenyewe, kule Arlington. Mlinzi wa mapokezi akapiga simu juu. Baba yake akajibu kwamba hapo hakuna mtu kama mimi, na kwamba mtoto wao ameshajifunza."

"Ameshajifunza nini?" Euphrasia akauliza.

"Hawakusema, shangazi. Wakanielekeza huku."

Kesho yake ikaja barua ya klabu. Kamati ya nidhamu ingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, kwenye ofisi za uwanja wa mazoezi huko Landover. Aliitwa Ombeni. Ryan alipewa wiki moja ya kupumzika, kwa sababu alikuwa amepata mshtuko.

Makena, jirani wa ghorofa ya pili, Mkenya anayefanya kazi kwa wakili wa uhamiaji, alipanda na chapati zake akaisoma barua ile mara mbili.

"Auntie, hii si mchezo. Viza yake imefungwa kwa hiyo kontrakt. Wakicancel kontrakt, viza imekwisha, kijana anarudi home. Hakuna kungoja." Kisha akamwona yule wa sofani, akamwangalia kutoka kichwani mpaka kwenye dimbwi la miguuni. "Na huyu nani alimlet in?"

"Aliamkia."

"Aliamkia! Nyinyi Watanzania mtakufa na hii karibu yenu. Sisi kwetu mtu akibisha tunamuuliza mlango ukiwa umefungwa, wewe ni nani na umetumwa na nani. Ungejifanya hujaskia, angeenda zake kwa wenyewe."

"Walishamfukuza kwa wenyewe."

"Basi angebaki kwa lobby yao, akiwachafulia marumaru." Makena akamkatia yule wa maji kipande cha chapati. "Shika. Sikuchukii wewe. Nachukia mahali umekalia."

Jumatano akaja wa pili. Gazeti lilikuwa limechimba, likagundua kwamba Ombeni alichelewa mazoezini mara mbili mwezi wa tatu, treni ilipokwama. Mzembe, likaandika. Huyu aliamkia vizuri, akala, akajilaza kwenye zulia, na tangu hapo hakuamka ila kwa chakula. Ryan alikuwa amechelewa mara sita msimu uleule. Kocha aliwahi kulisimulia jambo hilo kwenye televisheni huku akicheka, kwamba kijana anapenda usingizi kama kitoto kichanga.

Ijumaa wa tatu akaingia akicheza. Kulikuwa na video ya Ombeni kwenye harusi ya Vumilia na Godlisten, kule Silver Spring, siku tatu baada ya timu kufungwa, akicheza na mama mzaa bibi harusi. Mtangazaji mmoja aliuliza kama kijana huyu kweli anaumia timu yake inapofungwa. Basi yule wa tatu hakuweza kuacha kucheza. Alikula akicheza, akasali akicheza, jasho likimtiririka, na kila dakika chache aliomba radhi. Haile, msimamizi wa jengo, alipanda kuja kuona kinachogonga dari ya watu wa chini. Aliwatazama wote sebuleni, akatikisa kichwa, akasema amesoma habari zao. Akaomba tu kwamba huyu wa kucheza achezee jikoni, maana sakafu ya jikoni ni nene.

Wa nne alibisha kwa kiwiko. Mwandishi alikuwa amemfuata Ombeni getini Landover na kumsogezea simu puani, naye Ombeni akainua mkono kujikinga. Mkali, wakasema, na wengine wakasema hatari. Viganja vya huyu wa nne vilikuwa vimekunjwa ngumi, na havikukunjuka hata kwa maji ya moto. Alikuwa mpole kuliko wote. Kwa kuwa hakuweza kushika kijiko, Euphrasia alikaa mbele yake kwenye kigoda akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kama alivyomlisha Ombeni mwenyewe alipokuwa na mwaka mmoja na mama yake alikuwa hospitali.

"Nani alikufanya hivi?" akamuuliza.

"Sijui, shangazi. Nimeandikwa tu."

Wote waliamkia. Hakuna hata mmoja aliyesahau, na hapo ndipo Euphrasia alipokuwa anashindwa.

Jumapili, alipokuwa ametoka kanisani na hajavua hata viatu, alisikia mlango ukibishwa kidogo sana, kama kwa ukucha. Alifungua haraka. Hapakuwa na mtu. Kwenye kizulia cha mlangoni kulikuwa na taulo jeupe, kavu, limekunjwa vizuri. Akaita, "Nani?" Korido ilikuwa kimya mpaka kwenye lifti. Akaliokota, likawa na joto kidogo, kama limetoka kubebwa. Akaliweka juu ya kabati la vyombo.

Kazi ya Euphrasia ilikuwa kumhudumia mzee mmoja wa Arlington, mstaafu wa ofisi za jeshi, mjane, mtu mwenye adabu. Jumatatu alikuwa anamkata kucha za miguu huku televisheni ikionyesha picha ya mtoni, kisha picha ya Ryan akiwa mdogo na mbwa.

"Maskini kijana," mzee akasema. "Amepitia mambo mazito."

"Yupi?"

"Huyu wa kwetu. Yule mwingine, sijui. Wanawaleta hapa wakiwa wadogo, bila kufundwa."

"Yule ni mtoto wa kaka yangu," Euphrasia akasema, mkasi ukiwa kwenye kidole gumba.

Mzee akaweka mkono wake juu ya bega lake. "Pole sana," akasema kwa huruma ya kweli. "Lazima anakuumiza."

Euphrasia akamaliza kucha zote kumi, akamvisha soksi. Njiani kurudi, ndani ya treni, alipiga hesabu ya siku. Zilibaki mbili na nusu kabla ya kamati. Alimfikiria Ombeni, ambaye sasa alikuwa analala kwenye kiti cha jikoni kwa sababu kitanda alikuwa amewaachia wageni, na ambaye hakulalamika. Akatoa simu akampigia Ryan.

Ryan alikuwa amekula machalari katika nyumba ile mara nyingi. Kila alipokuja alimaliza sufuria, akalamba mwiko, na neno moja la Kiswahili alilolijua lilikuwa shangazi. Alikuja Jumatano alasiri, amevaa kofia, ameshika maua ya dukani. Aliposikia hodi yake Euphrasia alifungua bila kuchungulia. Ryan akaingia mpaka sebuleni, akasimama mbele ya yule wa maji.

"Huyu ni wangu," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo," Euphrasia akajibu.

"Baba aliniambia alikuja."

Akaketi karibu naye kwenye mfuko wa plastiki. Suruali yake ikaanza kulowa, naye hakusogea. Muda si mrefu akawa analia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia wakishajua kwamba hawatachapwa. Yule wa kucheza akaja na kitambaa cha jikoni, akampa, akarudi jikoni akicheza.

"Mchukue," Euphrasia akasema. "Gari lako liko chini. Mchukue sasa hivi."

Ryan akaliangalia dimbwi. "Wazazi wangu wako kwangu mpaka Ijumaa."

"Sasa?"

"Kesho nitasema, shangazi. Nitakuja hapo Landover, niseme mbele yao wote. Naapa. Nikishasema si atanifuata mwenyewe?"

"Atakufuata," Ombeni akasema kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kupanda tangu barua ije. "Ukisema, lazima akufuate."

"Na mhudumu umtaje," yule wa maji akasema taratibu. "Yule wa mtulinga."

"Nani?" Ryan akauliza.

Wakamkumbusha. Akaandika kwenye simu yake asisahau.

Jioni ile Euphrasia alipiga pasi shati jeupe la Ombeni, na hakuna aliyezungumza habari ya kuondoka. Ombeni alikula vizuri. Alimwambia shangazi yake kwamba kamati ikimaliza, labda Jumamosi acheze kipindi cha pili. Euphrasia akasema acheze cha kwanza pia, kwani miguu inauma? Wakacheka, na yule aliyelala kwenye zulia akacheka pia, usingizini.

Alhamisi Makena aliwapeleka Landover kwa safari mbili, maana gari lilikuwa dogo, akabaki nje ng'ambo ya maghala ya mizigo akisema yeye akiingia mle ndani ataongea. Mlangoni walipokelewa na Adia, ofisa wa mawasiliano wa klabu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni akakikomaza Zanzibar kwa miezi minane.

"Hamjambo nyote. Shikamoo, Bi Euphrasia. Tafadhalini, ketini."

Kulikuwa na viti saba. Euphrasia alijihesabu yeye, na Ombeni, na wale wanne, akaona kimoja kimezidi. Alimtazama Adia, na Adia akatazama chini.

"Ninasikitika mno," Adia akasema kwa sauti ya chini. "Taarifa ya klabu niliiandika mimi. Nilitia sentensi moja, kwamba Ombeni alijitosa majini ili amwokoe mwenziwe. Wakaifuta."

"Lini?"

"Jumapili. Kitambo kidogo baada ya watu kutoka kanisani."

Euphrasia akalikumbuka taulo. Akataka kumwambia, kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, wanakamati wanne wakaingia wakaketi, na nyuma yao Ryan na baba yake.

Ryan alisimama bila kuitwa. Alisema kama alivyoahidi. "Nilikuwa nimelewa. Kigari nilikiendesha mimi. Nilimgonga mhudumu nikamvunja mfupa. Ombeni alinitoa majini. Hakufanya lolote jingine." Alisema yote, na mhudumu alimtaja kwa jina, akisoma kwenye simu.

Ombeni alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti. Euphrasia aliiangalia miguu ya yule wa maji, akingoja ikauke.

Mwenyekiti akavua miwani, akazunguka meza, akampa Ryan mkono. Akasema katika miaka yake yote ya mpira hajawahi kuona kijana mwenye moyo huu, aliye tayari kujitwika makosa ya mwenzake.

"Si ya mwenzangu," Ryan akasema. "Ni yangu."

"Ndivyo anavyosema muungwana," mwenyekiti akajibu, na mwanakamati mmoja mwanamke akafuta macho. Baba yake Ryan akamvuta mwanawe kifuani. Ryan alijaribu tena kusema, mdomo ukiwa kwenye koti la baba yake, na hakusikika vizuri. Maji ya yule wa maji yakaendelea kutoka, yakafika kwenye zulia la kamati, na katibu akainua mkoba wake akauweka juu ya meza.

Kisha wakamgeukia Ombeni. Mwenyekiti akamwuliza, kwa upole, kama baada ya kusikia hayo ana neno lolote la majuto.

Ombeni akasimama. Shati lilikuwa limemkaa vizuri. "Namwonea huruma yule mhudumu. Nilikwenda kumwona hospitali Jumanne ile, na jana nimempigia. Ila kigari sikuendesha, mzee."

"Hilo tu?"

"Ndiyo. Sikuendesha."

Katibu akaandika. Kalamu yake ilipofika mwisho wa mstari mlango ukabishwa, akaingia Ombeni mwingine, kidevu kimeinuka, macho makavu, hajainamisha kichwa. "Shikamoo, shangazi," akasema, akaketi kwenye kile kiti kilichozidi. Mwenyekiti akamtazama, kisha akawatazama wenzake kwa masikitiko, kama mtu aliyetumaini mengine.

Uamuzi haukuchukua muda. Karatasi ya kuvunja mkataba ilihitaji sahihi ya Ombeni. Katibu akampa kalamu yule wa maji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye waliyemzoea kwenye picha. Akaandika jina lote. Wino ukachuruzika mpaka chini ya ukurasa, lakini wakili wa klabu alisema unasomeka, inatosha.

"Mimi niko hapa," Ombeni akasema.

"Tunajua," mwenyekiti akasema, akafunga jalada.

Siku ya pili gazeti liliandika kwamba Ryan amebeba msalaba wa mwenzake. Mwezi uliofuata alipewa tuzo ya uungwana ya klabu. Alimpigia Euphrasia mara kadhaa akilia, akisema alijaribu, na Euphrasia alijua kuwa alijaribu, akamwambia ale, asilale na njaa.

Ombeni aliondoka Jumanne kupitia uwanja wa ndege wa Dulles. Wageni wote walikwenda kumsindikiza, ila hawakuweza kusafiri naye, kwa kuwa hawakuwa na pasipoti, na afisa wa zamu alisema nyuso zikifanana bado kila mtu anahitaji yake. Makena alikuwa ameshachunguza kama wangeweza kusafiri wao na yeye akabaki. Alisema sheria iko wazi, anayerudishwa ni mwenye pasipoti.

Pale kwenye mstari wa ukaguzi Ombeni aliagana nao mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Kwaheri, Ombeni. Kwaheri, Ombeni. Yule wa usingizi aliamshwa kwa ajili hiyo. Yule wa ngumi hakuweza kupunga, akainua mikono yote miwili juu, na walinzi wawili wakasogea. Ombeni akarudi nyuma hatua kadhaa akaishusha ile mikono taratibu, akaishikilia mpaka walinzi wakaondoka.

"Uwatunze, shangazi," akasema. "Hawana kosa."

"Na wewe huna."

"Najua." Akavua viatu akaviweka kwenye sanduku la plastiki, na vilikuwa vikavu.

Kutoka Machame alipiga simu kila Jumapili. Alikuwa anakimbia asubuhi kwenye njia ya kanisani, miguu bado ipo. Klabu moja ya Moshi ilimwita wakazungumza, wakamsifu, kisha wakasema watamfikiria, kwa sababu na wao walikuwa wameshasoma. Za Dar hazikuita. Mama yake alimwambia Euphrasia kwamba kijana haongei sana, na kwamba mvua ikinyesha huingia ndani mbio, yeye ambaye zamani ilibidi aitwe.

Mwezi wa saba, Jumapili mchana, Ryan aligonga ukuta wa kanisa kule Arlington kwa gari lake, akavunja dirisha na sanamu ya bustanini. Hakuumia. Magazeti yaliandika habari ya ajali ya kusikitisha na kijana aliyeelemewa na mengi, katika klabu ambayo bado inapona kutokana na kashfa ya Ombeni. Waliweka picha ya mtoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Euphrasia alikuwa anamenya ndizi, mafuta mikononi. Mlango ukabishwa mara tatu.

Makena alikuwa amefunga mnyororo kwenye mlango ule kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa amemfundisha. Usiitikie. Uliza kwanza. Euphrasia akasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia.

"Shikamoo."

"Umetoka kwa nani?" akauliza.

"Kwa Ryan. Mlinzi amesema nijaribu huku."

Euphrasia akachungulia. Alikuwa na vipande vidogo vya kioo kwenye nywele, vingi, viking'aa kwa taa ya korido, na udongo wa bustani begani. Kovu la kidevuni lilikuwa palepale.

"Ombeni hayupo," akamwambia. "Wiki ya saba sasa. Saa hizi kule amelala. Hajui hata kama hilo kanisa lipo."

"Najua, shangazi. Ila hawakuwa na picha ya mwingine."

Akamsikia akiketi chini, mgongo ukiegemea mlango. "Usijali," akasema kutoka huko. "Nitakaa tu hapa kwenye kizulia, sitasumbua mtu." Vioo vikagonga mbao kidogo alipoegemeza kichwa.

Euphrasia akarudi jikoni. Akamenya ndizi moja, akamenya ya pili. Yule wa kucheza alikuwa anazunguka mbele ya jiko bila kutoa sauti, kwa kuwa alishajifunza kucheza na soksi, na alikuwa anamwangalia shangazi yake. Sebuleni maji yalidondoka kwenye plastiki. Akamenya ya tatu, akaiweka kwenye beseni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba," akasema akiwa bado jikoni, kwa sauti iliyofika mlangoni. Kisha akaenda akatoa mnyororo.

Alimtoa vioo kichwani kimoja kimoja mpaka nyama ikaiva. Wakala. Yule wa ngumi alilishwa kwanza kama kawaida, na yule mgeni akaomba aongezewe. Sahani ya mwisho Euphrasia aliipakua ikajaa, akaiweka mwisho wa meza karibu na mlango, na kando yake akaweka taulo jeupe, kwa ajili ya yule aliyebisha kidogo. Ilikaa hapo mpaka chakula kikapoa. Akakirudisha kwenye sufuria, akaiosha sahani ingawa hakuna aliyeilia, akaliweka taulo juu ya kabati, kama jana.